SOMO: Kumshtaki askari magereza Marekani ukiwa bado uko ndani

Wadau, hili ni kwa wenye ndugu kwenye magereza ya majimbo huko Marekani. Sheria yenyewe ni kifungu namba 1983 (hiyo ni namba, sio mwaka), ipo tangu 1871, inakuruhusu kumdai fidia afisa wa jimbo aliyevunja haki zako za kikatiba.

HATUA 1: fomu ya malalamiko ya gerezani. Kesi nyingi zinafia hapa, hata jaji hajazisoma. Tangu sheria ya 1996 lazima mfungwa amalize ngazi zote za malalamiko ya ndani tena ndani ya muda, mfano Texas ana siku 15 tangu tukio, akijibiwa hovyo (na atajibiwa hovyo) ana siku 15 nyingine za kupeleka ngazi ya pili, akikata tamaa hapo basi imekula kwake. Na asiandike "wananinyanyasa", aandike "tarehe fulani saa 2 usiku, selo namba fulani, afande fulani alinipulizia dawa ya pilipili nikiwa tayari na pingu". Abaki na nakala.

HATUA 2: nani ashtakiwe. Aliyefanya, kwa jina lake binafsi. Kuwa bosi tu hakutoshi kumshtaki mkuu wa gereza.

HATUA 3: mahakama ya shirikisho. Ada ni dola 405 kwa anayelipa yote mara moja, asiye na hela anaomba kulipa dola 350 kidogo kidogo, wanakata 20% ya kinachoingia kwenye akaunti yake ya gerezani mpaka iishe, hata akishindwa kesi. Kwa hiyo hela ya matumizi unayomtumia nayo itamegwa.

MASWALI

Mdogo wangu ananyimwa insulini, hiyo nayo kesi?
Ndiyo, tangu kesi ya Estelle dhidi ya Gamble iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani, 1976. Ila aonyeshe walijua wakapuuza, daktari kukosea tu haitoshi. Kila ombi la dawa aliloandika atunze nakala.

Na wakigoma kumpa fomu?
Mahakama Kuu ya Marekani ilisema 2016, njia isiyopatikana kiukweli hadaiwi kuipitia. Aandike nani kagoma na lini.

Mkuu naweza kumfungulia kesi mimi niliye nje?
Kama sio wakili huwezi, anasaini mwenyewe.

Si bora asubiri atoke tu?
Angalia muda wa mwisho wa kufungua kesi tangu tukio, Texas miaka 2, Tennessee mwaka 1 tu. Kama kifungo kimebaki kirefu, asisubiri.