Jinsi ya kupangia ploti yenu Jamhuri Dei, na supu ya malenge juu

Kila 12 Desemba hapa Nairobi nusu ya watu wako ushago, wengine wamebaki kwa nyumba wanafua nguo huku gwaride linapita kwa TV, jioni mtoto anakuuliza hii siku ni ya nini na unajibu tu "ni Jamhuri". Hiyo iliniuma, ndo nikaanza kupangia watoto wa ploti yetu kitu, na mengi nimekopa kwa wenzetu wa mbali.

Anza wiki mbili mapema. Ongea na keateka kuhusu uwanja na zile kamba za nguo, kisha mchango uingie kwa grupu ya ploti, mtu atoe kidogo chenye ako nacho, asiye na pesa alete sufuria ama jiko. Kama kuna jirani Mtanzania mwite mapema, yake ni 9 Desemba (Tanganyika ilipata uhuru 1961), mnaunganisha tu.

Asubuhi ni ya watoto. Norway tarehe 17 Mei wanakumbuka katiba yao ya 1814, na wenye wanaandamana si wanajeshi, ni watoto wa shule na bendera zao, kule Oslo wanapita mbele ya ikulu mfalme anawapungia mkono. Nyinyi zungukeni mtaa hadi duka la kona na kurudi. Bendera mtengeneze nao kwa manila mkiwaeleza rangi, nyeusi ni watu wetu, nyekundu ni damu iliyomwagika tukitafuta uhuru, kijani ni ardhi, nyeupe ni amani.

Sasa chakula, na hapa usikimbie. Haiti ilijitangazia uhuru kutoka Ufaransa 1 Januari 1804. Wakati wa utumwa watu weusi ndo walikuwa wanapika supu ya malenge lakini kuionja ni mabwana peke yao, kwa hivyo tangu wawe huru wanaikunywa kila 1 Januari, na 2021 UNESCO ikaiweka kwa orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Nunua malenge kubwa soko la Marikiti, chemsha, ponda. Nyama ya ng'ombe ya mifupa iive pekee yake hadi ilainike, kisha ongeza waru, karoti, kabeji, ule uji wa malenge, makaroni mwishoni, pilipili na ndimu. Wakati watoto wanakunywa waambie hiyo stori, wataikumbuka kuliko hotuba yoyote.

Jioni tafuta mzee ama shosho wa mtaa anayekumbuka usiku wa kuamkia 12 Desemba 1963, wenye bendera yetu ilipandishwa pale Uhuru Gardens, Lang'ata Road. Mpe kiti karibu na jiko, mrekodi kwa simu, usimkatize. Shosho wetu alisema kwao ngoma ililia hadi asubuhi, yeye akalala mgongoni mwa mamake akisikia watu wanaimba.