Jinsi ya Kutafuta na Kusoma Barua za Kale za Wamarekani: Karatasi za Konsuli Waters wa Unguja

Anayetaka kuijua Unguja ya miaka ya 1830 na 1840 hugundua mapema kwamba sehemu kubwa ya ushahidi wake iko ng'ambo, Massachusetts na Washington, ndani ya makabrasha ya barua walizoandika wafanyabiashara wa mji wa Salem. Hao ndio waliokuja pwani yetu kununua pembe, sandarusi, ngozi na karafuu, na kuuza kile kitambaa kigumu cha pamba ambacho mpaka leo kinaitwa merikani. Barua zao zimetunzwa vizuri, na msomaji yeyote mwenye subira anaweza kuzifikia. Taabu ni kwamba wengi huzitafuta mahali zisipokuwapo, na wakishazipata huzisoma kana kwamba kila mstari uliandikwa kwa ajili yao. Mwongozo huu unafuata karatasi za mtu mmoja, Richard P. Waters, konsuli wa kwanza wa Marekani Unguja, kwa kuwa karatasi zake zinaonyesha vizuri kuliko nyingine kwamba barua haieleweki mpaka ujue ilikuwa ikimwendea nani.

Anza na mwenye barua

Maktaba hupanga vitabu kwa mada, lakini hifadhi ya nyaraka hupanga karatasi kwa kumfuata aliyeziandika au aliyezipokea. Karatasi za ofisi moja hubaki pamoja, kwa mpangilio ulioachwa na ofisi hiyo, hata kama ndani yake mnazungumzwa mambo mia. Kwa hiyo mtu anayeandika neno "Zanzibar" kwenye katalogi na kusubiri majibu ataletewa vitu vichache alivyobahatisha mwandaa katalogi kuvitaja, huku barua anazozihitaji zikiwa zimelala chini ya jina la mtu au la idara. Kabla ya kugusa katalogi, chukua daftari uandike majina: nani alikuwa na sababu ya kuandika juu ya jambo hili, alimwandikia nani, kwa cheo gani, na karatasi za huyo aliyeandikiwa zilirithiwa na nani.

Tumjaribu Waters kwa kipimo hicho. Mnamo tarehe 21 Septemba 1833, Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, alitia saini mkataba wa biashara na Seyyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, huko Maskati, na mkataba huo ukafungua njia ya kuwekwa konsuli. Waters alifika Unguja mwaka 1837. Kwa cheo chake aliwajibika kwa Wizara ya Mambo ya Nje, hivyo taarifa zake rasmi zimo katika Hifadhi ya Taifa ya Marekani, ambako taarifa za makonsuli wa Unguja za kuanzia 1836 hadi 1906 zilipigwa filamu ndogo zenye namba M468. Karatasi za wizara yenyewe zimo katika kundi namba 59, na zile zilizokuwa zikitunzwa na ofisi za kikonsuli huko huko ng'ambo zimo katika kundi namba 84. Tofauti hiyo ni ya kuzingatia sana, kwa sababu kundi la kwanza ni upande wa mpokeaji na la pili ni upande wa aliyekaa kituoni, na mara nyingine kilichopotea upande mmoja hupatikana upande wa pili.

Hapo bado tumepata nusu ya mtu. Makonsuli wengi wa zama zile hawakulipwa mshahara na serikali; waliishi kwa ada za meli na kwa biashara yao wenyewe, na Waters alikuwa mfanyabiashara hasa. Barua zake za biashara na shajara yake hazikuwa mali ya serikali, na leo zimo katika Maktaba ya Phillips ya jumba la makumbusho la Peabody Essex, ambayo chumba chake cha kusomea kiko Rowley, si mbali na Salem. Atakayekwenda Washington peke yake ataondoka akimjua mwenye cheo bila kumjua mwenye duka.

Jambo moja zaidi kabla hujafungua katalogi: jaribu tahajia zote. Wamarekani wale waliandika majina kama walivyoyasikia. Utakutana na "Zanzebar", utaikuta Lamu ikiitwa "Lamo", na Seyyid Said akitajwa kama "Imaum" wa Maskati. Jairam Shivji, Mhindi aliyekuwa amekodi forodha yote ya Unguja na ambaye hakuna mzigo ulioshuka pasipo yeye kujua, anajitokeza kama "Jeram". Yasome majina hayo kwa sauti, nayo yatajieleza.

Kabla ya safari na ukiwa mezani

Usinunue tiketi ya ndege kabla ya kusoma kilichokwisha kuchapishwa. Wanahistoria Norman Bennett na George Brooks walitoa mwaka 1965 mkusanyo mnene wa barua za wafanyabiashara wa New England, yaani kaskazini-mashariki ya Marekani, waliofanya biashara barani Afrika, kuanzia 1802 hadi 1865, na barua nyingi za Waters zimo. Baada ya hapo soma mwongozo wa mkusanyo unaoutaka, ile hati inayoeleza kuna maboksi mangapi, ya miaka gani, na yamepangwa vipi, kisha mwandikie mtunza nyaraka barua fupi yenye jina la mkusanyo, namba ya boksi na miaka unayoitafuta. Mtunza nyaraka aliyeulizwa swali mahususi hujibu kwa ukarimu wa kushangaza. Aliyeulizwa "mna nini kuhusu Afrika Mashariki" hukuelekeza kwenye tovuti, na hana kosa.

Katika Hifadhi ya Taifa utapewa kadi ya msomaji bila malipo baada ya kuonyesha pasipoti. Mkoba, koti na kalamu ya wino hubaki nje, na mezani unaruhusiwa penseli. Karatasi hushikwa kwa mikono mikavu iliyooshwa. Glavu ni za picha, kwa maana kidole kilichovikwa kitambaa hakihisi ukingo wa karatasi na hupasua kwa urahisi. Fungua kabrasha moja kwa wakati mmoja, na usibadilishe mpangilio hata ukiona barua ya 1841 imekaa kabla ya ile ya 1839, kwani huenda aliyeziweka hivyo alikuwa na sababu.

Ukiruhusiwa kupiga picha, piga kwanza lebo ya boksi, kisha lebo ya kabrasha, ndipo barua, mbele na nyuma. Nalisema hili kwa uchungu. Niliwahi kurudi nyumbani na picha zaidi ya mia mbili zilizo safi kabisa, zisizo na lebo hata moja, na ikanilazimu kuomba maboksi yale yale upya ili nijue kila ukurasa umetoka wapi.

Soma karatasi kabla ya maneno

Barua ya miaka ile haikuwa na bahasha. Karatasi ilikunjwa yenyewe, ikatiwa lakiri, na anwani ikaandikwa upande uliobaki nje, kwa hiyo ule ukurasa unaoonekana mtupu wenye mistari mitatu katikati ndiyo bahasha yenyewe. Mara nyingi mpokeaji aliandika pembeni mwa mkunjo huo jina la mwandishi, tarehe ya barua, siku aliyoipokea na siku aliyoijibu. Maandishi hayo madogo ni hazina. Toa tarehe ya kuandikwa katika tarehe ya kupokelewa, nawe utajua habari ya Unguja ilikuwa na umri gani ilipofika Salem. Kwa kawaida ni miezi kadhaa, na bei ya pembe iliyokuwa kweli siku ya kuandikwa ilikuwa imekwisha kubadilika.

Angalia pia kama juu ya barua kuna alama ya nakala ya pili au ya tatu. Bahari haikuaminika, hivyo mfanyabiashara mwangalifu aliituma barua moja kwa meli mbili au tatu, na mara nyingine aliongeza habari mpya chini ya nakala ya mwisho. Ukikuta barua mbili zinazofanana, usiiweke ya pili kando: isome mpaka mwisho. Vilevile tofautisha barua iliyotumwa na ile iliyonakiliwa katika daftari la mwandishi. Ya daftari inakuambia alichokusudia kusema, lakini haikuambii kama kilifika. Nakala nyingine zilitolewa kwa mashine ya kukandamiza, ile ambayo James Watt aliipatia hataza mwaka 1780: karatasi nyembamba yenye maji ilibanwa juu ya wino mbichi, na maandishi yakasomwa kwa kupenya upande wa nyuma. Hizo huwa zimefifia, na dawa yake ni kuweka karatasi nyeupe chini yake.

Utakutana na kurasa zilizoandikwa mara mbili, mistari ya kwanza ikienda kulia na ya pili ikipanda juu yake kama mkeka. Hata hiyo ina sababu yake. Mpaka sheria ya mwaka 1845, posta ya Marekani ilitoza kwa idadi ya karatasi na umbali, hivyo karatasi ya pili ilikuwa gharama ya pili. Zungusha ukurasa robo duara, funika macho yako na mistari iliyolala, na ile iliyosimama itajitenga baada ya dakika chache.

Mwandiko wenyewe hushindwa kwa mazoea. Usianze na neno gumu. Tafuta maneno ambayo lazima yawepo, kama jina la mwezi, jina la mahali na saini, kisha tengeneza orodha ya herufi zake jinsi mkono ule unavyoziandika. Katika neno lenye herufi s mbili, ya kwanza huandikwa ndefu ikafanana na f, hata jina la Massachusetts likasomeka kama "Mafsachusetts". Vifupisho vitatu vya tarehe vinapoteza wengi: "inst" ni mwezi huu wa barua, "ult" ni mwezi uliopita, na "prox" ni mwezi ujao. Kwa hiyo barua ya tarehe 5 Machi inayotaja meli iliyoingia tarehe 28 "ult" inasema tarehe 28 Februari. Wanaosoma karatasi za kabla ya 1752 wana mtihani mwingine, maana katika makoloni ya Kiingereza mwaka ulianza tarehe 25 Machi; George Washington alizaliwa tarehe 11 Februari 1731 kwa hesabu ya wakati ule, na 22 Februari 1732 kwa hesabu yetu.

Unaponakili, nakili kilichopo pamoja na makosa yake, na neno usilolisoma liwekee mabano ya mraba, usilibunie. Vipimo viache kama vilivyo: "frasla" ni farasila yetu, karibu kilo 16, na dola ya barua hizi mara nyingi ni reale ya fedha, ya Hispania au ya Maria Theresa. Anayezigeuza kuwa dola za leo anaharibu hesabu nzima.

Nani alikuwa akiandikiwa

Sasa weka mezani barua mbili za Waters za mwaka mmoja, moja ya kwenda wizarani na moja ya kwenda Salem. Ya kwanza inasimama juu ya mkataba, haki za raia wa Marekani na ushuru wa asilimia 5 uliokubaliwa katika mkataba huo. Ya pili inahesabu farasila, inapima washindani na kuhimiza meli. Kuna na shajara, ambamo Mkristo mcha Mungu anachukizwa na utumwa anaouona mjini, ilhali biashara inayomlisha inapita kwenye mikono hiyo hiyo ya watumwa. Waters alikuwa pia na maelewano ya kibiashara na Jairam, yaliyompa nafasi ambayo wafanyabiashara wengine walimwonea wivu. Hilo si jambo ambalo konsuli angelitandaza mbele ya waziri wake. Hakuna haja ya kumwita mwongo. Kila barua inasema kile ambacho msomaji wake alipaswa kusikia, na kazi yetu ni kuzipanga ubavu kwa ubavu kwa tarehe mpaka zianze kuulizana.

Angalia pia wasiotajwa. Wachukuzi, wapagazi waliozileta pembe kutoka bara, na waliosafisha sandarusi huonekana kama idadi au gharama. Andika kila mahali wanapoguswa, hata kwa neno moja, kwa sababu maneno hayo ukiyakusanya kutoka barua hamsini yanakuwa kitu. Kisha linganisha na upande wa Waingereza: konsuli wao wa kwanza, Atkins Hamerton, alianza kazi Unguja mwaka 1841, na hifadhi ya nyaraka iliyoko Kilimani, Zanzibar, ina karatasi za ofisi hiyo. Hamerton naye alikuwa na upande wake.

Kama zoezi la kwanza, napendekeza safari ya Sultana. Meli hiyo ya Seyyid Said ilitia nanga New York tarehe 30 Aprili 1840 ikiwa na mjumbe wake, Ahmad bin Naaman, pamoja na zawadi kwa Rais Martin Van Buren, wakiwamo farasi wawili. Badala ya kutafuta neno "Sultana", orodhesha waliolazimika kuandika. Forodha ya New York iliandika juu ya mzigo. Jeshi la majini liliandika, kwa kuwa meli ilikarabatiwa katika karakana yake. Katiba inamkataza rais kupokea zawadi ya mtawala wa nje bila idhini ya Bunge, kwa hiyo Bunge nalo liliandika. Waters alikuwa Unguja na alikuwa na wizara ya kuiandikia. Hayo ni makundi manne ya nyaraka, katika idara nne, kwa meli moja. Anza na la forodha, kwa sababu karani wa forodha hana sababu ya kupamba.