Kabla hujaenda kulala kwenye mabanda ya Bunyonyi, panga haya mapema

Kila Desemba ikikaribia simu yangu inajaa meseji za ndugu na marafiki wa Mombasa, Tanga na Bukoba, na wote swali ni lile lile, tunakuja Uganda tunataka kwenda kwenye lile ziwa lenye visiwa, tufikie wapi na tubebe nini. Nimeona niandike yote mahali pamoja manake nikijibu kwa vipande kuna kitu nasahau, na kile nilichosahau ndio kinakuja kumsumbua mtu usiku akiwa kisiwani hana pa kukimbilia.

Ziwa lenyewe ni Bunyonyi, kule Kigezi karibu na Kabale, zaidi ya kilomita 400 kutoka Kampala. Jina maana yake mahali pa ndege wadogo wengi, na visiwa viko 29. Hoteli kubwa zipo pia lakini mimi naongelea zile gesti ndogo za kienyeji, mabanda sita au saba ya nyasi na mafunjo juu ya mlima, mwenye nyumba na mkewe, kijana mmoja wa mtumbwi, mama mmoja jikoni, basi. Nazipenda sana hizi gesti na nataka mtu aende amejiandaa, asirudi akizisema vibaya kwa kosa ambalo si lao. Elewa kwanza kwamba pale hakuna stoo iliyojaa wala mtu wa zamu ya usiku. Kuku utakayemla kesho leo bado anachakura uwanjani, maji yako ya kuoga yanategemea kuni zimewashwa saa ngapi, na mtumbwi unakuja kukuchukua kwa sababu ulisema unakuja. Usiposema hakuna kinachokusubiri.

Mimi hili nililipata kwa njia ngumu. Safari ya kwanza nilikuwa na mama yangu na watoto wawili, nikatuma meseji moja wiki mbili kabla, nikajibiwa karibu sana, nikaona imeisha. Tukachelewa kutoka Kampala, tukafika pale Rutinda kwenye gati giza limeshaingia, napiga simu haipatikani, watu wa mitumbwi wameshaenda makwao, baridi inapuliza kutoka majini na mama amejifunga leso mbili mabegani. Tukalala kwenye chumba cha kubahatisha pale pale ng'ambo. Asubuhi tukavuka, na ndipo nikaona kitu ambacho sikufikiria kabisa kuuliza, ngazi. Kutoka majini mpaka kwenye banda letu ni kupanda tu, ngazi za udongo zilizochongwa kwenye mlima na kushikiliwa na vipande vya mti, na mama magoti yake hayako sawa. Alipanda akipumzika kila hatua kumi, akafika juu, na hakushuka tena mpaka siku ya kuondoka. Siku tatu mama aliliangalia ziwa kutoka juu. Kwa hiyo ukiwa na mzee, au mama mjamzito, au mtu wa mkongojo, swali la kwanza kabisa kabla ya bei ni ngazi ngapi kutoka gati mpaka mlangoni, na je kuna banda la chini. Mara nyingi lipo, ila wanampa aliyeuliza.

Piga simu, usiishie kwenye meseji. Piga unapofanya bukingi, piga siku moja kabla, halafu piga tena basi likifika Mbarara, hapo wanajua una masaa kadhaa na wanapanga mtumbwi. Na omba namba mbili, ya mwenye gesti na ya yule kijana wa mtumbwi, sababu simu moja ikiisha chaji au netiweki ikikataa umebaki na nyingine. Kama unaweza toka Kampala alfajiri, njia ni ndefu, masaa nane mpaka kumi kwa basi, na kutoka Kabale mjini mpaka ziwani ni kilomita chache tu lakini za mlima. Kuvuka uvuke kukiwa bado na mwanga.

Bei sasa. Uliza ni kwa mtu au kwa banda, manake hapo watu wengi wanakwama, mnakuja wanne mmekubaliana elfu fulani kumbe ni kila kichwa. Uliza kama chai ya asubuhi imo, kama mtumbwi wa kukuchukua na kukurudisha umo, na kama kuna bei ya watu wa Afrika Mashariki, sehemu nyingi ipo lakini hawaitangazi mpaka uulize kwa upole. Mkishakubaliana kwa simu waombe waandike WhatsApp, si kwa kutowaamini, ni kwa sababu aliyepokea simu yako huenda siku ya kufika kwako yuko shambani na atakayekupokea ni mwingine. Wakitaka diposit kwa mobile money tuma, ila angalia jina linalotokea kabla hujabonyeza, lisipofanana na la mtu mliyeongea naye piga simu kwanza.

Keshi toa Kabale mjini au kabla. Kule ziwani hakuna ATM, wakala wa mobile money yupo lakini anaweza kukosa floti. Badilisha hela mjini na ubebe noti ndogo ndogo, za elfu moja, elfu mbili, elfu tano, ukimpa mtu wa mtumbwi noti ya elfu hamsini unamtesa bure, hana pa kuichenji. Na wenye dola, noti za zamani au zilizochakaa zinakataliwa kwenye forex nyingi hapa, na noti ndogo zinapewa reti ya chini, bora uje na za mia mpya au ubadilishe huko huko kwenu.

Vitambulisho, kwa ufupi. Mkenya na Mnyarwanda wanavuka na kitambulisho cha taifa tangu 2014, Mtanzania njoo na pasi au hati ya safari. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano beba, na pasi ni nzuri kuwa nayo hata kama mpakani si lazima, utaihitaji ukitaka kusajili laini ya hapa.

Kitu ambacho watu wa pwani hawaniamini mpaka wafike ni baridi. Mtu anasikia ikweta, anasikia ziwa na visiwa, anabeba kaptula na kanga. Jamani, Bunyonyi iko karibu mita 1,960 juu ya usawa wa bahari, ni milimani kule. Mchana jua linachoma vizuri tu, lakini likishazama unatafuta sweta, na ikifika alfajiri ukungu umeziba ziwa lote huoni hata kisiwa cha jirani. Beba sweta nzito au jaketi, soksi za kulalia, kofia ya watoto. Uliza kama wanatoa blanketi la pili. Masika ya Machi mpaka Mei na ile mvua ya Septemba mpaka Novemba udongo wa vile vilima unateleza kama sabuni, kwa hiyo viatu viwe na meno chini, sendo za bafuni waachie bafu.

Banda lenyewe linataka macho yako kabla hujaweka mizigo. Angalia neti, ishushe yote uichomekee chini ya godoro uone kama inafika pande zote, na ukiona tundu sema hapo hapo wakubadilishie, usisubiri usiku. Mbu ni wachache kwa sababu ya baridi lakini malaria Uganda ipo, na nyie mnapitia Kampala na Masaka kwenye joto, kwa hiyo hata dawa ya kujikinga ongea na daktari wako mapema. Mjusi na buibui kwenye nyasi ni wenyeji, hawana neno. Mshumaa usiwashe ndani, paa ni nyasi kavu, omba taa ya sola. Na kuta za mafunjo hazifichi siri, mkikohoa jirani anasikia, kwa hiyo wenye watoto wachanga waombe banda la pembeni wenzao wapate kulala.

Umeme mara nyingi ni sola tu, unachaji simu pale risepsheni kwa zamu. Pasi, heater ya maji, mashine ya nywele, acha nyumbani, unaweza kukizimia umeme kisiwa kizima. Beba pawabenki iliyojaa na tochi, ya kuvaa kichwani ndio bora zaidi, sababu choo kiko nje na usiku unakwenda kwa njia ya mlima huku umeshika mtoto. Choo chenyewe sehemu nyingi ni cha shimo au kile cha kumwagia majivu, unamaliza unachota kopo moja la majivu unamwaga, hakuna harufu kabisa mkifanya wote. Watoto wadogo wabebee kapoti kao ka usiku.

Maji ya kuoga nataka niyaseme vizuri. Unaambia jikoni mapema, tuseme saa kumi na moja jioni, nataka maji saa moja. Basi yule kijana anaweka sufuria kubwa kwenye mafiga, kuni za mkalitusi, na ikifika saa moja unasikia hatua nje, anakuletea jerikeni la njano limefungwa kifuniko na mvuke unatoka pembeni, na beseni, na jerikeni la pili la maji baridi uchanganye mwenyewe. Maji yana harufu ya moshi kidogo. Unaoga nyota zote ziko juu, baridi inakupiga mgongoni na maji ya moto yanashuka, mimi sijaona hoteli ya kunipa hiyo. Lakini lile jerikeni limebebwa kichwani mlima mzima, usiagize mawili ukamwaga moja. Ya kunywa nunua au waombe wakuchemshie, na thamosi beba yako.

Chakula hivyo hivyo, agiza mapema. Menyu inaweza kuwa na vitu ishirini lakini jikoni kuna moto mmoja na mama mmoja, na soko liko ng'ambo ya maji. Agizeni chakula cha usiku wakati wa chai ya asubuhi, na wote mle kitu kinachofanana, mkiagiza watu sita vyakula sita mtakula saa nne usiku. Kamba wa ziwani, wale wanaoitwa krefishi, ndio sifa ya Bunyonyi, na viazi mviringo, sisi hapa tunaviita airishi, vya Kigezi havina mfano. Jaribu obushera pia, uji wa mtama, ila uliza ni mpya au umeshachachuka, ule wa siku nyingi unalewesha. Wenzangu Waislamu, eneo lile wengi ni Wakristo na huenda jirani hapo hakuna wa kuchinja, kwa hiyo ongeeni na mama wa jikoni tangu kwenye simu, wengi hawana shida kabisa ukichinja mwenyewe, la sivyo kula samaki, mayai na maharage, utashiba.

Majini usifanye utani. Bunyonyi inasifika kwa kutokuwa na kichocho, mamba wala viboko, tofauti na Ziwa Victoria ambako kichocho kipo, na ndio maana watu wanaogelea. Lakini kina kinaanza karibu sana na ukingo, hatua mbili tatu na ardhi haipo, mtoto asisogee bila mtu mzima. Life jacket uliza kwenye simu kama zipo na kama kuna za watoto, na ukifika hawana, msivuke, subirini waazime. Ile mitumbwi ya gogo moja ni mizuri ila asiyeizoea inamzungusha pale pale, mpeni kijana alipwe awapigie kasia. Mwombe awapitishe Akampene, kile kisiwa kidogo chenye mti, ambako zamani wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa walikuwa wanaachwa wafe. Watoto wakubwa waelezeni, wanyamaze kidogo pale. Dawa zenu za kila siku bebeni za kutosha na za ziada, hospitali kubwa iko Kabale mjini na usiku kuvuka si rahisi.

Lugha. Kiswahili kiliidhinishwa na baraza la mawaziri mwaka 2022 kuwa lugha rasmi hapa, vijana na madereva watakuelewa, lakini wazee wengine kwao Kiswahili ni lugha waliyoisikia kwa askari enzi za Amin, na hofu haitoki haraka. Usimwanze mzee na Kiswahili cha kasi. Mwanze kwa lugha yake, agandi, yaani hujambo, atakujibu ni marungi, mwambie webare, yaani asante, akikupa kitu, halafu endelea na Kiswahili polepole, utaona uso unafunguka.

Siku ya kuondoka inapangwa usiku uliotangulia. Lipeni bili jioni, ya vinywaji na mtumbwi na yote, na mkubaliane saa ya kuvuka, lakini muhesabu na ukungu, sababu asubuhi ukiwa mzito hata kijana mzoefu anangoja upungue ndio asukume mtumbwi. Msikate tiketi ya basi la alfajiri kutoka Kabale mkiwa mmelala kisiwani. Kateni la saa nne, na mama wa jikoni mwambieni usiku ule ule awafungie viazi na mayai ya njiani.