Kabla hujatoa pesa ya laptop ya gemu, hasa ukikaa huku kwetu Malindi

Jana jirani kaniuliza hapa barazani, "kwani RTX 4060 si ni RTX 4060 tu, hii nyingine yauzwa ghali kwa nini?" Jamani, stika haikwambii kitu, hiyo kadi ya picha ya laptop, ile inayochora gemu, huwa inalishwa umeme kuanzia wati 35 mpaka 115 kulingana na ilivyoundwa, sasa unakuta mbili zina jina moja, moja inakimbia nyingine inajikokota. Kwa hiyo uliza wati kabla ya bei, na muuzaji akibabaika soma namba kamili ya modeli pale chini uitafute mwenyewe mtandaoni.

Halafu joto, hapa ndo watu wanaliwa. Zile video za kusifia laptop watu wanapima wakiwa kwenye eisii, wewe uko Malindi kaskazi imekaza, feni ya dari inazungusha hewa moto tu. Laptop nyembamba inapendeza lakini haina pa kupumulia, ikishachemka inajipunguzia kasi yenyewe, ushalipia nguvu ambayo huipati. Mimi afadhali linene, zito, lenye kadi ndogo yake, RTX 4050, iliyoshiba wati, kuliko jembamba lenye 4060 iliyobanwa. Kweli 4050 ina memori yake ya GB 6 na mwenzake ana 8, kwa magemu mapya mazito utaiona tofauti, ila kama wewe ni wa magemu ya mpira na Valorant wala hutojua. Na usiiweke dirishani panapoingia upepo wa bahari, yangu ya kwanza fundi aliifungua skrubu zote kutu.

RAM, ile memori ya kufanyia kazi, usikubali GB 8, chukua 16, au hakikisha kuna nafasi tupu ya kuongezea, sio iliyochomelewa kwenye bodi. SSD kubwa, yaani diski ya kuhifadhia magemu, utanunua baadaye.

Stima pia ihesabu kwenye bajeti. Ukichomoa chaja kasi inashuka hata betri ikiwa imejaa, kwa hiyo stima ikipotea na gemu limeisha, na ikirudi kwa kishindo utajuta kama hukununua gadi ya kukinga umeme.

Mtumba? Ujaribu kwa gemu zito nusu saa nzima palepale dukani, dakika mbili hazikuonyeshi moto. Na ndugu zetu wa Lamu, ulizeni waranti inatengenezewa wapi, maana ikiwa ni Mombasa hiyo ni boti mpaka Mokowe, kisha basi, kisha kuifuata tena.