Unatoka kesi za ardhi kwenda kodi? Mambo ya kuzingatia kabla

Wakili aliyekaa muda mrefu kwenye kesi za ardhi ana jina. Anajua namna ya kumhoji shahidi wa mpaka, makarani wa Baraza la Ardhi na Nyumba wanamfahamu, wateja wanaelekezana kwake. Akitaka kuhamia kesi za kodi hapa Tanzania, ugeni haunitishi sana, kwa sababu mgeni huuliza. Ninachokihofia zaidi ni mazoea.

Tuanze na siku. Mteja asiyekubali makadirio ya Mamlaka ya Mapato (TRA) ana siku 30 za kupeleka pingamizi kwa Kamishna Mkuu, na pingamizi haliendi mikono mitupu. Lazima alipe theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi ambacho hakibishaniwi, kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili, au aombe apunguziwe au asamehewe sharti hilo kwa sababu za msingi. Chukua makadirio ya shilingi milioni 90. Kama mteja anakubali anadaiwa milioni 20, atatakiwa kulipa milioni 30. Kama anakubali milioni 40, atalipa 40. Wakili aliyezoea kunoa hoja kwanza na masuala ya malipo kumwachia karani anaweza kuandika pingamizi safi kabisa lisipokelewe. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mteja wa kodi ni barua aliipokea lini, la pili ni ana fedha kiasi gani. Sheria itafuata.

Ngazi nazo ni nyingine. Uamuzi wa Kamishna unakatiwa rufani Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, kisha Mahakama ya Rufani, ambako zinasikilizwa hoja za kisheria tu. Mahakama Kuu uliyoizoea haimo kwenye njia hiyo. Maana yake ushahidi wa mteja ujengwe mapema, tangu kwenye pingamizi.

Na mzigo wa kuthibitisha uko kwa mlipakodi: yeye ndiye aonyeshe kwamba makadirio yamezidi au yana makosa. Mzee wa mtaa hatakusaidia hapa. Mashahidi wako ni leja, ankara, risiti za EFD (mashine za kielektroniki za risiti) na taarifa za benki, na hawa huwezi kuwahoji kama huwaelewi. Tafuta mhasibu mwenye subira, mchukue faili moja lililokwisha, mfuate tarakimu moja tu kutoka kwenye ritani (taarifa ya kodi anayowasilisha mlipakodi) hadi leja, kutoka leja hadi ankara, kutoka ankara hadi benki. Ukipotea njiani, bado hujawa tayari kusimama mbele ya Bodi. Kozi zipo, Chuo cha Kodi kina stashahada ya uzamili, na uamuzi mwingi unasomeka bure TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania. Lakini zoezi hilo la tarakimu moja mimi nalipatia uzito kuliko cheti.

Sheria yenyewe haitulii. Kila mwaka Sheria ya Fedha hurekebisha sheria za kodi, kwa kawaida kuanzia tarehe 1 Julai. Mgogoro wa mapato ya 2021 unausoma kwa sheria ilivyokuwa wakati huo, si kwa nakala mpya iliyo mezani.

Usiruke moja kwa moja. Mlango wa karibu unao tayari: kila uhamisho wa kiwanja unagusa kodi ya ongezeko la mtaji (kodi ya faida ya kuuza mali) na ushuru wa stempu, na wateja wako wa ardhi wanalalamikia hayo kila siku. Anzia hapo, ada za ardhi zikiendelea kulipa pango la ofisi.

Kuhusu hao wateja wa zamani, siwezi kulainisha maneno. Kesi iliyo mahakamani huiachi kwa simu. Unaomba kujitoa, unamwarifu mteja mapema apate wakili mwingine, unakabidhi faili lote, na ada ambayo hujaifanyia kazi unairudisha. Mjane anayesubiri hukumu ya nyumba yake hana kosa lolote kwa wewe kupenda kodi.

Mteja wa kwanza wa kodi naye aambiwe wazi, kwa maandishi, kwamba eneo hili ni jipya kwako na kwamba utafanya kazi na wakili mzoefu. Mkubaliane kabisa nani anamlipa huyo mzoefu kabla siku 30 hazijaanza kuliwa.