Namna ya kuisoma bei ya rivolva kongwe

Baba yangu alikuwa fundi saa, barabara ya kumi na mbili, Ngamiani, Tanga. Mteja akileta saa ya babu yake na kusema "Fundi, ing'arishe", baba alimvutia kiti kwanza. "Nikishaisugua, hii si saa ya babu yako tena. Itakuwa ya kwangu." Nilikuwa mtoto, nikaona mzee anafukuza riziki. Leo nipo Fort Worth, Texas, mwaka wa kumi na tisa, naandika maelezo ya vitu vinavyokwenda mnadani: makabati, saa, visu na, kwa kuwa hii ni Texas, bastola. Lenzi ninayobana jichoni ni ileile ya baba.

Ndugu zangu wakipiga simu huuliza jambo moja: inakuwaje chuma kilichochakaa kinauzwa bei ya ghorofa? Waliuliza zaidi Agosti 2021, pale rivolva (bastola yenye silinda inayozunguka) ya kiwanda cha Colt, iliyomuua jambazi Billy the Kid mwaka 1881, ilipouzwa na nyumba ya mnada ya Bonhams huko Los Angeles kwa zaidi ya dola milioni 6. Wakasema Wamarekani wana wazimu. Wazimu upo, sikatai, ila una hesabu yake, na hesabu hiyo mtu anaweza kujifunza kuisoma hata kama hana mpango wa kununua.

Kabla hujaishika, ichukulie kwamba imejazwa. Rivolva nyingi za kabla ya miaka ya 1870 hazitumii risasi za ganda. Baruti na tufe la risasi hushindiliwa kwenye matundu ya silinda kutokea mbele, kisha fataki, vikofia vidogo vya kuwashia baruti, huvalishwa nyuma. Baruti hiyo ikikaa pakavu haizeeki. Niliwahi kuletewa bastola ya "urembo" iliyotundikwa ukutani sebuleni tangu enzi za bibi mwenye nyumba, na matundu matatu kati ya sita yalikuwa yamejaa. Kama hujui kuikagua, mwachie fundi wa silaha. Usichokonoe.

Sasa lenzi. Mimi huanza na skrubu, na hilo nimelirithi dukani kwa baba. Skrubu ya kiwandani ina mfuo mwembamba wenye kingo kali. Ukikuta mfuo umetafunwa na kupanuka, jua kuna mkono uliwahi kuifungua bastola hiyo kwa bisibisi isiyo yake. Hapo bei haijafa, lakini una swali: alifungua ili afanye nini?

Kutoka hapo nenda kwenye uso wa chuma. Hapa ndipo pesa nyingi hulala, na ndipo watu wengi hujiharibia wenyewe. Chukua mfano wa Colt Single Action Army, ile iliyoanza mwaka 1873 na ambayo kila mtu ameiona kiunoni mwa wachunga ng'ombe wa sinema. Fremu yake iliokwa kwa moto mkali ikiwa imefukiwa ndani ya mifupa na makaa, ikatoka na rangi za buluu, kahawia na kijivu zinazotiririkana kama mafuta ya taa juu ya maji. Mtutu na silinda vikapewa buluu nzito inayokaribia weusi. Rangi hizo si za kupakwa kwa brashi. Ni ngozi ya chuma chenyewe, na ni nyembamba mno. Jasho la kiganja huzila, jua huzila, ala ya ngozi huzila kila bastola inapochomolewa na kurudishwa. Kwa hiyo bastola iliyofanya kazi kweli haikubaki na rangi, na iliyobaki na rangi ni ile iliyolala kwenye droo kwa miaka mia moja bila mtu kuihitaji. Wakusanyaji hukadiria asilimia ya rangi ya kiwandani iliyosalia, na bei haipandi ngazi kwa ngazi. Hupanda kama mnazi: shina refu lisilo na tawi la kupumzikia, kisha madafu yote yapo kileleni.

Mama mmoja aliniletea Colt ya miaka ya 1880 ya marehemu mumewe. Kwenye picha alizotuma awali ilikuwa imefifia vizuri, kijivu cha kweli, na buluu kidogo imejificha kwenye mifereji ya silinda. Nilikadiria dola elfu nane. Ilipofika mezani ilikuwa inang'aa kama sufuria ya harusi. Mkwewe alitaka kumsaidia, akaipitisha kwenye mashine ya kusugulia Jumamosi moja mchana. Iliuzwa dola elfu mbili na ushee. Sikuwa na la kumwambia yule mama zaidi ya pole.

Bastola iliyosuguliwa haijifichi, hata ikitiwa buluu upya. Angalia kingo: za kiwandani hukata jicho, zilizosuguliwa zimelainika kama sabuni iliyotumika. Soma maandishi ya juu ya mtutu. Herufi zikiwa na kina upande mmoja na kufifia upande mwingine, gurudumu limepita hapo. Tazama matundu ya skrubu, maana yakishasuguliwa hubonyea pembeni kama kisahani. Na ukikuta buluu safi imeingia hadi ndani ya vishimo vya kutu, basi rangi ilikuja baada ya kutu. Kiwanda hakikuuza bastola yenye kutu.

Namba nazo zisome kwa subira. Single Action ina namba yake kwenye fremu, kwenye kikinga-kifyatulio na kwenye uti wa mpini, na zikilingana bei hukaa vizuri. Ila usikariri kanuni hiyo kama kasida. Miaka ya 1890 jeshi la Marekani lilichukua Colt zake za wapanda farasi, zenye mtutu wa inchi 7½, likazikata hadi inchi 5½ na kuzikarabati kwa wingi, na katika kuzifungua na kuzifunga vipuri vikachanganyika. Bastola hizo leo huitwa za Artillery, yaani za mizinga, na namba zake zikichanganyika si kasoro, ndiyo historia yake. Kinyume chake, ukiona herufi OWA zimegongwa, shusha pumzi kwanza. Ni za mkaguzi Orville W. Ainsworth, aliyekagua Colt za mwanzo za jeshi, zikiwemo zilizokwenda kwa kikosi cha saba cha wapanda farasi, kile ambacho sehemu yake iliangamia pamoja na kamanda wake Custer kwenye vita vya Little Bighorn mwaka 1876. Bei yake ni ya kutisha. Lakini herufi tatu ni rahisi kugonga, na walaghai wanalijua hilo kuliko mimi na wewe.

Uchache peke yake haulipi. Bastola aliyotengeneza fundi wa kijijini mara moja tu maishani mwake ni chache kuliko zote, na hakuna anayeitaka. Bei hutoka pale vitu vichache vinapokutana na watu wengi wenye kiu. Colt Walker ya 1847 ndiyo mfano wangu, na hapa Texas ukiitaja jina tu watu hunyoosha mgongo. Samuel Colt alikuwa amefilisika. Kiwanda chake cha Paterson, New Jersey, kilifungwa mwaka 1842. Kapteni Samuel Walker wa Texas Rangers, askari wa jimbo hili, akamtaka atengeneze bastola kubwa kwa ajili ya vita vya Mexico. Colt hakuwa hata na karakana, ikabidi kazi ifanywe kwenye kiwanda cha Eli Whitney mdogo, Connecticut. Zikatoka kama 1,100 tu: elfu moja za jeshi na mia moja hivi za raia na za zawadi. Kila moja ina uzito wa kilo mbili, na baruti iliyojazwa ilikuwa nyingi kiasi kwamba silinda nyingine zilipasuka. Walker mwenyewe aliuawa Huamantla mwaka huohuo. Kwa hiyo unazo chache, nyingine zikalipuka, nyingine zikaoza vitani, na jimbo zima linaziona kama kitovu chake. Aprili 2018 Walker moja ya kiraia iliuzwa na Rock Island Auction kwa dola milioni 1.84. Ilikuwa bado ndani ya sanduku lake. Usicheke sanduku, sanduku nalo lilikuwa linauzwa.

Ukiishika Walker, au ndugu zake waliofuata kama Navy ya 1851, geuza silinda kwenye mwanga wa pembeni. Utaona picha iliyoviringishwa kwenye chuma, kazi ya mchongaji W. L. Ormsby. Kwenye Walker ni mapigano ya Rangers na Wakomanchi, wenyeji wa asili, kwenye Navy ni vita vya majini vya mwaka 1843. Picha hiyo haikuwa na kina, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kufutika. Ukiihesabu farasi kwa farasi, umeshika kitu.

Linganisha na Nagant ya 1895 ya Warusi. Kwa ufundi naipenda kuliko Colt yoyote: ukivuta nyundo, silinda husogea mbele na kuziba upenyo ulio kati yake na mtutu ili moshi usivuje. Lakini zilitengenezwa kwa mamilioni, na nilipofika nchi hii unapata moja chini ya dola mia, na ala yake juu.

Karatasi ndiyo inayotenganisha hadithi na ushahidi. Ile bastola ya Billy the Kid si nzuri kwa sura. Ni Colt ya kawaida ya risasi za .44-40 ambayo Pat Garrett, sherifu aliyemuua Billy, alimnyang'anya mtu wa genge la Billy mwishoni mwa 1880. Garrett baadaye alimwazimisha mwenye baa mmoja wa El Paso aitundike. Wote wawili walipokufa, mjane wa Garrett alilazimika kuidai mahakamani miaka ya 1930, na akashinda. Ile kesi iliyomsumbua bibi wa watu ndiyo iliyoacha nyaraka zenye namba ya bastola, na nyaraka hizo ndizo zilizolipiwa mamilioni.

Ufaransa wana mfano mzuri zaidi. Novemba 2016, Christie's Paris waliuza rivolva ya milimita 7 ambayo mshairi Verlaine alimpigia mshairi mwenzake Rimbaud risasi huko Brussels tarehe 10 Julai 1873. Ikafika euro 434,500. Juni 2019 ikauzwa, hukohuko Paris, rivolva ya Lefaucheux ya milimita 7 iliyookotwa na mkulima shambani Auvers-sur-Oise mwaka 1965, imeliwa na kutu yote, ile inayodhaniwa mchoraji Van Gogh alijipigia. Ikapata euro 162,500. Van Gogh ana jina kubwa kuliko Verlaine mara kumi. Ila ya Verlaine ilikuwa na mafaili ya polisi nyuma yake, na ya Van Gogh ilikuwa na neno "huenda". Neno hilo moja lina bei yake, na hiyo ndiyo.

Kwa mtu wa kawaida karatasi ni barua ya kiwanda. Colt na Smith & Wesson bado wana vitabu vya kumbukumbu, na ukilipa ada wanakuandikia bastola yako ilitoka lini, ilipelekwa kwa duka gani, ikiwa na rangi gani na mtutu wa urefu gani. Barua ikisema inchi 7½ na mkononi una inchi 5½, kuna mtu alishika msumeno. Mwaka 1935 Smith & Wesson walikwenda mbali zaidi: rivolva yao ya Registered Magnum iliuzwa na cheti chenye jina la mnunuzi, ya kwanza ikienda kwa J. Edgar Hoover wa FBI. Zilitengenezwa kama 5,500. Yenye cheti na isiyo na cheti hazikai meza moja.

Sasa aibu yangu. Mwaka wangu wa tatu hapa nililipa dola mia tisa kwa Navy ya 1851 kwenye soko la Jumapili, nikajiona mjanja. Nyumbani nilishusha lile fimbo la kushindilia, na chini yake chuma kilikuwa na kibonyeo laini, kama alama ya kidole kwenye unga. Mtu alikuwa amepiga tupa. Nakala za Kiitaliano, ambazo ni halali na nzuri zikiuzwa kwa jina lake, hubeba mihuri ya ukaguzi, na herufi PN za baruti nyeusi ni mojawapo. Mlaghai huzifuta, kisha huichovya bastola kwenye dawa mpaka izeeke. Tangu siku hiyo chini ya fimbo ndipo ninapotazama baada ya skrubu.

Na mipini ya pembe za ndovu, ambayo zamani iliongeza bei bila mjadala, siku hizi inaweza kuizuia bastola isivuke hata mpaka wa jimbo, kwa sheria za biashara ya pembe. Nikiishika huwa nakumbuka kwamba pembe za bara zilizobebwa mabegani hadi pwani zilipakiwa Unguja kwenda Connecticut, kwenye viwanda vya vibao vya piano vya Ivoryton na Deep River, kwenye bonde la mto uleule wenye kiwanda cha Colt huko Hartford.

Sheria nyingine inayogusa bei: Marekani, kwa sheria ya shirikisho, silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla huhesabiwa ya kale na hununuliwa kwa urahisi zaidi, kwa hiyo Single Action yenye namba chini ya 182,000 hivi hupata wateja wengi kuliko mdogo wake wa mwaka uliofuata. Kwetu si hivyo. Ukikuta bastola kwenye kasha la babu Muheza au Malindi, iache palepale, piga simu polisi waje waione. Tanzania kuna sheria ya udhibiti wa silaha ya 2015, Kenya ina ya kwao, na zote hazijali kama ni urithi. Usiibebe kwenye basi, na usinitumie.

Aliye na kibali chake asiihifadhi kwenye ala ya ngozi, maana ngozi hushika unyevu na chuma huoza kimyakimya. Kitambaa kikavu cha pamba, mafuta mepesi, basi.

Wiki iliyopita bibi mmoja wa Abilene alinipigia. Ana Colt ya baba wa baba yake, alitaka kuifuta vumbi kabla ya kuileta. Nikamwomba aivingirishe kwenye foronya hivyohivyo. Ipo mezani kwangu sasa: skrubu hazijaguswa, chini ya nyundo kuna utando wa buibui, na buluu imelala kwenye mifereji kama wino. Barua kutoka Hartford bado haijafika. Nimeagiza ya haraka.