Usiutupe mti wa Krismasi: kutunza araukaria joto la Dar

Kila Januari simu za kitaluni ni zilezile: "Kaka, ule mti wa Krismasi unakauka, niutupe?" Usiutupe! Huo ni araukaria, mti unaofanana na msonobari ambao kwao ni Kisiwa cha Norfolk, huko Pasifiki, na vijisiwa vya jirani. Kisiwa chenyewe ni kama kilomita za mraba 35 tu. Nahodha Mwingereza James Cook alipofika mwaka 1774 aliona mashina yake yangefaa kuwa milingoti ya merikebu. Walowezi wakaja, misitu ikafyekwa, na leo mti huu umo katika orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ya miti inayokabiliwa na hatari ya kutoweka porini. Kuupanda Mbezi hakurudishi msitu wa kule, lakini kiumbe wa aina hii hastahili kuishia jalalani.

1. Utoe sebuleni polepole. Wiki mbili chini ya mwembe, kisha jua la asubuhi, ndipo jua kamili. Ukiutoa ghafla unaungua.

2. Hamishia kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini. Mchanga sehemu mbili, udongo wa juu moja, samadi iliyooza moja. Donge la mizizi lisivunjike.

3. Mwagilia kwa kidole. Chomeka kidole udongoni. Kikitoka kikavu, mwagilia. Sahani inayotuamisha maji iondoe, maana mizizi huoza. Upepo wa bahari araukaria inauvumilia vizuri, ila maji ya kisima yenye chumvi yatajikusanya ndani ya ndoo, kwa hiyo kinga maji ya mvua umwagilie hayo.

4. Usiguse ncha. Hapa ndipo wengi wanapouharibu. Mama mmoja aliukata juu kwa sababu uligusa dari. Umbo lile la ngazi halikurudi tena. Matawi ya chini nayo yakishadondoka hayachipui upya. Na ukichomeka tawi la pembeni, hata likiota mizizi, litaendelea kukua kwa ubavu, halisimami. Mche ulionyooka hutoka kwenye ncha au mbegu, basi.

5. Ardhini, panda masika. Kwao hupita mita 50, hivyo kaa mbali na nyumba na nyaya za umeme. Kiwanja kidogo? Uache kwenye ndoo.

6. Mbegu. Koni hupasukia juu mtini, mbegu zenye mabawa zikaanguka. Ziokote na uziatike wiki hiyohiyo, zikilala juu ya mchanga wenye unyevu, zisifukiwe: zikikaa muda mrefu hazioti. Andika kwenye kibao tarehe na mti ulikozitoa.